Uzi wa Nne

Nilimwona Mjomba akiugusa uzi wa nne.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, saa nne na dakika kama kumi. Nilikuwa nje ya kizimba cha kuvutia nyuzi, nyuma ya dirisha, hatua nne kutoka kwake, nimeshika kitambaa cha kufutia. Mjomba alikuwa ameutoa uzi kwenye mashine kwa vibano viwili, kimoja kila mkono, anaupeleka kwenye kabati la kuning'inizia. Alipogeuka, kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilijinyoosha, kama cha mtu anayeshika kikombe cha chai mbele ya wageni, kikalala juu ya uzi. Si kwa nguvu, ni kama inzi anavyotua. Halafu kikaondoka.

Nikasubiri aseme.

Pale kazini kwetu kuna neno ambalo mtu hufundishwa kabla hajaonyeshwa hata choo kilipo. Neno lenyewe ni "Nimegusa." Ukigusa uzi, kwa glovu, kwa mkono wa ovaroli, kwa ncha ya kitambaa, unasema hivyo kwa sauti, halafu unachukua kijiti cha chuma kilichoning'inizwa ukutani na kuuvunja mwenyewe. Hakuna atakayekuuliza ilikuwaje, wala huandikwi popote. Na kama si wewe uliyegusa bali umemwona mwenzako, unampa pumzi tatu aseme mwenyewe, maana ni heshima yake. Zikiisha tatu hajasema, unasema wewe: "Umegusa." Mjomba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, wiki yangu ya kwanza.

Nikavuta pumzi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mjomba akautundika uzi, akafunga mlango wa kabati taratibu, akanigeukia na kuninyanyulia kidole gumba. Juu ya barakoa macho yake yalikuwa yanacheka. Nikavuta ya nne. Nikavuta ya tano. Nilihesabu mpaka kumi na moja, na baada ya hapo nikawa sihesabu tena, nimenyamaza tu.

Nieleze kwa nini uzi mmoja ulikuwa jambo zito namna ile.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Mama alipofariki, kaka yake, yaani huyu Mjomba, alinichukua nikakae naye na Bibi, na baadaye akanitafutia kazi ya kufagia kwenye maabara yake. Nilifagia mwaka mzima kabla hawajagundua kwamba naona vumbi ambalo mashine yao ya kuhesabia vumbi hailioni. Wakaniita Darubini, wakanivalisha ovaroli nyeupe na kuniingiza chumba safi. Kazi yangu ikawa kuosha fimbo za kioo kabla hazijavutwa, kuzikagua kwenye mwanga, na kutazama.

Siku moja Daktari alinikuta naondoa shuka la kufunikia meza. Daktari ndiye mkuu wa maabara. Udaktari wake ni wa fizikia, ingawa majirani zake humpelekea watoto wenye kikohozi, naye amechoka kueleza, siku hizi huwaambia wakanywe maji mengi. Aliniambia, "Shika ncha hiyo." Yeye akashika ya pili, akaitikisa kidogo.

"Umesikia mkononi?"

"Nimesikia."

"Basi fikiria shuka hili ndilo nafasi yenyewe. Sisi, jua, nyota, wote tumelala juu yake. Huko mbali kabisa vitu viwili vizito vimezungukana mpaka vikagongana, zamani, kabla hapajawa na mtu hata mmoja. Shuka likatikisika. Mtikisiko unakuja, unakuja, na ukifika hapa umechoka kiasi kwamba hakuna anayeusikia. Hayo ndiyo mawimbi ya mvutano. Sisi tunataka tuyasikie mkononi."

"Na nyuzi zetu?"

"Nyuzi ndizo mkono."

Chombo chenyewe cha kusikilizia kiko nchi nyingine, mlimani. Kina mabomba mawili marefu, mtu akitembea kutoka mwanzo hadi mwisho wa moja anatumia karibu saa nzima, na mwisho wa kila bomba kuna kioo cha kilo arobaini. Mwanga unakwenda na kurudi kati ya vioo. Shuka likitikisika, kioo kinasogea kidogo mno kuliko chochote unachoweza kukifikiria. Kwa hiyo kioo kisisogezwe na kitu kingine, si lori, si upepo, si hatua za mlinzi. Kinaning'inizwa kwa nyuzi nne tu, nazo ni za kioo pia, nyembamba kama uzi wa kushonea magunia, urefu wake kutoka begani kwangu hadi ncha ya kidole.

Nchi nyingi zimechangia. Moja imetoa mabomba, nyingine mwanga, nyingine kompyuta. Daktari alizunguka kwenye mikutano yao miaka na miaka akiomba na sisi tupewe kitu. "Tupeni hata misumari," aliwaambia, na wakacheka wakidhani anatania. Mwishowe wakatupa nyuzi nne za kioo kimoja. Tukizifikisha salama na kwa wakati, tutapewa na za vioo vilivyobaki. Tukishindwa, kazi yote inakwenda kwa nchi nyingine waliyoiweka kando kama akiba.

Tulipewa fimbo hamsini za kioo, zote zimetoka kwenye tanuri moja siku moja, kwa sababu nyuzi lazima ziwe ndugu wa tumbo moja. Mjomba anaweka fimbo kwenye moto, inalainika katikati, mashine inavuta ncha mbili, na uzi unazaliwa hapo katikati. Nyingine zilipinda. Nyingine zilikatika kwenye majaribio. Nyingine nilizikataa mimi kwa sababu ya kiputo kimoja cha hewa. Na tisa ziliguswa, zikavunjwa. Kioo kisichoguswa kina nguvu kupita chuma. Kilichoguswa ni kioo tu. Kinapata mkwaruzo usioonekana, na mkwaruzo unakua taratibu, wiki, mwezi, hata mwaka, halafu siku moja uzi unakatika bila kuaga.

Uzi wa nne ulitoka kwenye fimbo ya hamsini. Hapakuwa na ya hamsini na moja. Sanduku la kuzipeleka nyuzi mlimani lilikuwa la kuondoka Ijumaa.

Saa tano ile Jumanne waliujaribu. Mjomba alifunga mzigo wa kilo kumi na tano, na wote tukasimama kutazama saa. Uzi unatakiwa kubeba dakika kumi. Niliomba ukatike. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kiasi kile. Ungekatika pale, ningepona, na Mjomba angepona, na ingekuwa bahati mbaya tu kama bahati mbaya nyingine.

Ukabeba. Daktari akakaa chini sakafuni kama mtoto, na ovaroli yake, akafunika uso. Mama Hewa akamkumbatia Mjomba kwa nyuma mpaka miguu ikaacha sakafu. Mama Hewa ni fundi wa feni na vichujio, mwanamke mkubwa wa mwili na wa maneno, husema, "Humu mimi ndiye ninayewapumulisha, msinizoee."

"Darubini," akaniambia, "mbona umesimama kama umeona deni?"

"Nimechoka tu."

"Choka Jumamosi. Ijumaa kuna mgeni rasmi."

Ni kweli, bango lilikuwa limeshatundikwa getini: NYUZI NNE, TAIFA MOJA. Mchoraji alikuwa amechora nyuzi zenyewe nene kama kamba za kufungia ng'ombe.

Siku ile sikula. Nilikuwa naumia kwa mambo mawili, na la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza. La kwanza ni uzi. La pili ni kwamba Mjomba, aliyenifundisha pumzi tatu, aliyevunja nyuzi zake mwenyewe mara tano mbele yangu bila kupepesa jicho, safari hii alikuwa amegusa na kunyamaza, halafu akaninyanyulia kidole gumba. Nilimtazama akila, akimtania Bibi, na nikahisi namtazama mgeni.

Jumatano nilimfuata Mama Hewa chumba cha kubadilishia nguo.

"Mama Hewa, hivi mtu akiona kitu, asiseme palepale, akisema kesho yake inahesabika?"

Akaacha kuvua buti. "Umeona nini?"

"Sijasema nimeona."

"Mdogo wangu, nisikilize vizuri. Uzi umebeba kilo kumi na tano, dakika kumi, kila mtu anatazama. Umebeba, basi umebeba. Kuna watu arobaini na wawili kwenye jengo hili. Usije ukatumaliza kwa macho yako."

"Kwa hiyo ninyamaze."

"Mimi sijasema unyamaze. Mimi sijasikia kitu. Nilikuwa navua buti."

Jioni ile Bibi alikuwa amebandika maji ya kuoga. Bibi ndiye mama yake Mjomba, na mimi huniita mke mwenza kwa utani, eti ana wivu nami tangu nikiwa na miaka minane.

"Mke mwenza, sogea huko, mume wangu apite na maji yake," akasema.

Mjomba akaja, akaiinua sufuria kutoka jikoni kwa mikono mitupu. Maji yalikuwa yanatokota. Akatembea nayo mpaka mlangoni bila haraka.

"Mwone," Bibi akasema. "Mwezi wa pili huu anaipua sufuria bila kitambaa. Nimemwambia amekuwa mchawi, anacheka."

"Mikono ya fundi hiyo, Mama," Mjomba akajibu kutoka nje.

Alirudi, akaketi chini ya taa kusoma gazeti. Nikauona mkono wake wa kushoto. Kwenye kidole kidogo palikuwa na lengelenge jeupe, bichi, kubwa kama punje ya mahindi.

"Mjomba, kidole kimeungua."

Akakitazama kama kidole cha mtu aliyekaa jirani yake. "Ala. Kimeungua lini?"

Nilinyanyuka, nikaenda uani, nikashika ukuta. Nilitaka kulia kwa furaha, kwa sababu Mjomba hakuwa mwongo. Hakuwa amenyamaza. Hakujua. Miaka kumi na tisa ya kukaa na moto ilikuwa imemla vidole kidogo kidogo, akabaki na macho na mazoea. Furaha hiyo haikukaa hata dakika moja. Kama Mjomba hakujua, basi duniani kote aliyejua alikuwa mimi peke yangu. Hapakuwa tena na mtu wa kumsubiri.

Alhamisi asubuhi tulitembea pamoja kwenda kazini, kama siku zote. Tulipofika kwenye benchi la nje ya geti, chini ya lile bango, nikamwomba tukae.

"Mjomba, Jumanne uligusa."

Hakushtuka. Aliniangalia kama anayengoja nimalizie sentensi.

"Uzi wa nne. Ulipogeuka kwenda kabatini. Kidole kidogo, cha kushoto."

Akautoa mkono mfukoni, akautazama. Akatoa funguo za nyumba, akabonyeza meno ya ufunguo kwenye kidole chenyewe, kisha akanipa ufunguo.

"Bonyeza wewe. Mimi najionea huruma."

Nikabonyeza. Yeye akageuza uso upande wa barabara. Nilibonyeza mpaka meno yakaacha alama, mpaka nikaogopa ngozi itachanika.

"Haya, bonyeza," akasema.

"Nimeshabonyeza, Mjomba. Nimemaliza."

Akaendelea kutazama barabara. Watu wa zamu ya asubuhi walikuwa wanapita, wanatusalimia, naye anawaitikia mmoja mmoja.

"Kwa nini hukusema palepale?"

"Nilikusubiri wewe."

"Pumzi tatu."

"Nilifika kumi na moja."

"Kumi na moja nyingi mno, mpwa wangu."

"Najua."

"Nilijua vidole vimelegea," akasema. "Nikajiambia, nimalizie hizi nne kwanza, ndipo niende kwa mganga wa mishipa. Nilidhani vimelegea tu. Sikujua vimekwenda kabisa." Akakunja kiganja, akakikunjua. "Sasa niambie. Mimi nikinyamaza na wewe ukinyamaza, nani atajua?"

Sikujua kama ananipima au ananiomba. Mpaka leo sijui.

"Usijisumbue kujibu," akasema. "Ulipokuwa mdogo ulikuwa huwezi kulamba sukari ya Bibi bila kuja kuniambia umelamba. Ungeninyima usingizi mpaka nife." Akasimama. "Twende."

Daktari alikuwa chumba cha kufungashia, amepiga magoti mbele ya sanduku. Kila uzi ulikuwa umepewa kibati chake chenye namba, na wa nne ulikuwa bado kabatini, umening'inia na mzigo mdogo. Mama Hewa alikuwa anapima hewa ya ndani ya sanduku.

Mjomba alisimama mlangoni. Alivua kofia.

"Nimegusa," akasema.

"Umegusa nini?" Daktari hakuinua kichwa. "Leo hatuvuti kitu."

"Wa nne. Jumanne."

Mama Hewa akanitazama. Sitasahau alivyonitazama. Daktari akanyanyuka polepole, akishika ukingo wa meza.

"Jumanne, halafu unaniambia Alhamisi?"

"Sikusikia. Vidole vimekufa, Daktari. Nimeambiwa asubuhi hii."

"Na nani?"

Hapakuwa na haja ya kutaja jina. Daktari akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. Daktari akikasirika sauti hushuka.

"Ulikuwa wapi?"

"Nje ya kizimba. Dirishani."

"Hatua ngapi?"

"Nne."

"Na kioo cha dirisha katikati. Uliona kidole kinagusa, au uliona kidole na uzi mahali pamoja?"

"Niliona kinagusa."

"Pengo lilikuwepo?"

"Sikuona pengo."

"Hukuona pengo, au hapakuwa na pengo? Ni vitu viwili. Fikiri kabla hujanijibu."

Nilifikiri. Alikuwa amenifungulia mlango, na wote chumbani tuliuona umefunguka. Nikisema sina hakika, kesho mgeni rasmi angekuja, sanduku lingeondoka, Mjomba angeng'atuka kwa heshima kwa sababu ya vidole vyake, na nchi yetu ingekuwa na nyuzi nne mlimani. Na huenda uzi ungedumu. Zipo zilizoguswa zikadumu. Nilimtazama Mjomba anisaidie. Alikuwa anatazama kofia yake.

"Daktari," nikasema, "mimi ndiye ninayeona vumbi."

Akafumba macho. "Ndiyo," akasema. "Najua."

"Tuupime tena," Mama Hewa akasema. "Kilo ishirini. Saa nzima. Ukibeba, mambo yaishe."

"Kipimo kitaniambia umebeba leo. Hakiniambii mwezi wa sita, kioo kikiwa kimening'inia na tangi lake limefungwa. Ukikatika mle, vipande vyake vinazikata na zile tatu. Kilo arobaini zinaanguka." Akalitazama sanduku. "Miaka kumi na moja. Nimelala kwenye viti vya viwanja vya ndege. Nimebeba mifano ya nyuzi kwenye mkoba wa nguo za ndani, wananicheka wakaguzi wa mizigo. Miaka kumi na moja naomba watuamini."

Akatoka. Tulimsikia akitembea kwenye korido, akienda mpaka mwisho na kurudi, akienda na kurudi. Mama Hewa aliegemea ukuta, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ungesema Jumanne, mdogo wangu. Jumanne ingeuma kidogo."

Hakuwa na kosa. Jumanne fimbo zilikuwa zimeisha vilevile, lakini bango lilikuwa bado halijasomwa na mji mzima, wageni wengine hawajaalikwa, na Daktari hakuwa amekaa sakafuni na kulia kwa furaha. Uzi Mjomba aliugusa. Siku zile mbili niliziongeza mimi.

Daktari aliporudi macho yalikuwa mekundu na sauti imetulia.

"Ile kanuni hatukupewa na mtu," akasema. "Tuliitunga wenyewe. Aliyegusa avunje."

Tuliingia kizimbani, sote wanne. Mama Hewa akazima feni, vipande visiruke. Kwa miaka yote mle ndani sikuwahi kusikia feni zikiwa kimya. Kulikuwa na kelele ambayo tuliishi ndani yake bila kuijua, na ilipoondoka nikajisikia kama sakafu imeondolewa.

Mjomba akachukua kijiti cha chuma. Akafungua kabati. Uzi ulikuwa umening'inia pale, mwanga unateremka nao toka juu hadi chini, hauna hata kasoro. Niliutafuta mkwaruzo kwa macho yangu yote na sikuuona. Nilitamani niuone. Mkwaruzo wa namna ile hauonekani, na uzi ukishavunjwa hakuna tena wa kuulizwa, kwa hiyo mpaka leo ninachokijua ni kile tu nilichokiona Jumanne kupitia dirishani.

Alipiga, akakosa. Kijiti kilipita hewani kwa sababu hakuwa anasikia amekishika vipi. Daktari akapiga hatua, Mjomba akatikisa kichwa. Akakishika kwa mikono miwili kama mtu anayeshika mwiko wa shughuli, akapiga tena.

Mlio wake ni mdogo, kama mtu aliyekata ukucha. Uzi hauanguki. Unatoweka. Unabaki unga kwenye trei, na mzigo unadondoka kwenye mchanga wa chini ya kabati, na kichwa cha uzi, ncha nene iliyobaki ya fimbo, kinabaki juu kikibembea.

"Lete brashi, Darubini," Mjomba akasema.

Nikafagia.

Mchana ule Daktari aliandika barua ya kwenda mlimani. Aliniita nimwambie saa kamili, na mahali kidole kilipogusa, na hesabu ya pumzi. Nilidhani hataiandika ile kumi na moja. Akaiandika. Mgeni rasmi alipigiwa simu asije, na bango likashushwa Ijumaa asubuhi, mlinzi akalikunja na kunipa, akasema labda litafaa kufunikia meza. Linafaa. Kitambaa chake kizuri.

Jibu lilichukua siku tisa. Siku tisa hizo tulikuja kazini na kukaa. Nilifuta madirisha ambayo hayakuwa na kitu. Nilijiandaa kwa neno moja tu, kwamba zile tatu nazo zimekataliwa.

Hawakuzikataa. Waliandika kwamba wamezisoma hesabu zetu zote na watazichukua tatu. Wa nne utavutwa na ile nchi ya akiba, ambayo ilikuwa imebakiwa na fimbo za tanuri lilelile. Na nyuzi za vioo vilivyobaki nazo zitavutwa na nchi hiyo, kwa kuwa sisi hatuna tena mvutaji, na kumfundisha mwingine kunachukua miaka. Walishukuru kwa ukweli. Daktari aliisoma barua hiyo mbele yetu mpaka kwenye saini, akaikunja, akasema, "Wamesema kweli, hatuna mvutaji," akaenda kufunga ofisi yake.

Kizimba kilifungwa mwezi uliofuata. Mashine ya kuvutia iliwekwa kwenye kasha, ikapelekwa huko kwa wenzetu. Mama Hewa alipata kazi hospitali, kwenye feni za chumba cha upasuaji, na hakuja kuniaga. Mimi nilirudi kufagia, sasa ni ghorofa ya pili, kwa watu wanaokula biskuti mezani na kuangusha makombo. Mjomba anakaa nyumbani. Bibi amemfungia kitambaa chekundu kwenye mkono wa sufuria ili akumbuke. Daktari wa mishipa, wa dawa kweli huyo, alisema vidole havitarudi.

Wiki iliyopita Daktari alikuja nyumbani na picha. Walikuwa wametundika kioo. Kwenye picha kinaonekana kimening'inia ndani ya tangi, kama duara kubwa la maji yaliyosimama, na nyuzi nne, mbili huku na mbili huku. Tangi limeshafungwa. Wanasikiliza. Mpaka sasa hawajasikia kitu.

Mjomba aliishika picha kwa viganja vyote viwili, maana vidole haviaminiki.

"Upi si wetu?" akauliza.

"Hawakuandika," Daktari akasema. "Na tofauti haionekani. Hata mimi siwezi kujua."

Mjomba akanipa picha mimi.

Niliisogeza kwenye dirisha. Nyuzi zetu tatu nilizijua. Niliziosha zikiwa fimbo, nilizitazama zikizaliwa, najua kila mmoja unavyonenepa unapokaribia kichwa. Ilinichukua muda. Bibi naye akasogea kuchungulia.

"Wa nyuma, kulia," nikasema.

"Una hakika?" Daktari akauliza. Safari hii hakuuliza kama siku ile.

"Nina hakika."

Mjomba akaichukua picha, akaisogeza karibu na uso, akautazama ule wa nyuma, kulia, kwa muda mrefu.

"Uko vipi?"

Ningeweza kumwambia umepinda.

"Mzuri, Mjomba," nikasema. "Hauna shida. Umevutwa vizuri kama zetu."

Akaitikia kwa kichwa, akampa Bibi picha. Bibi akaigeuza juu chini, akauliza kioo kikubwa namna hiyo wanajitazamia nani.